Vanishi ya Redio ya Damaris

Fundi Kamande alikuwa na dhambi moja tu, nayo ilikuwa ya vanishi.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano, Damaris, mjane wa Kigiriama aliyehamia mjini kutoka Ganze, alimletea redio yake kuukuu pale kibandani Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi. Ndani ya redio mlikuwa na kigae cheupe, chembamba, kilichochorwa mistari myeusi ya unga wa kioo na madini uliookwa pamoja. Kazi ya mistari hiyo ni kuubana umeme upite kwa kiasi. Mmoja ulikuwa umechoka, ukabana kidogo mno. Dawa yake ni kuukwangua taratibu kwa wembe mpaka sauti ikae sawa, kisha kuufunika kwa vanishi, maana hewa ya Malindi ina chumvi.

Kukwangua alikwangua. Vanishi hakupaka.

Basi redio ikarudia kukoroma, na Damaris akarudi, akaketi kwenye kigoda, akasimulia mahindi ya kwao yaliyokauka na mabinti zake walioolewa mbali. Tangu mkewe Jedida afariki, Kamande hakuwa na mtu hata wa kumwambia pole na kazi. Alikuwa mpweke, tuseme lilivyo. Hakumtoza mama wa watu hata shilingi, akajiona mwema.

Lakini mchimba kisima huingia mwenyewe. Jumatano moja wembe ulizama, kigae kikapasuka katikati, redio ikanyamaza. Vigae vya aina ile havipatikani tena.

Damaris aliipakata redio. Alisema nyumbani kwake hamna sauti nyingine, hiyo ndiyo humwamkia asubuhi. Kamande angeweza kumwambia arudi wiki ijayo. Neno lilikuwa ulimini. Badala yake aliungama yote, macho chini, kisha akateremsha redio yake mwenyewe kutoka rafuni, nzima, aliyoipaka vanishi mara mbili, akampa.

Damaris aliipokea kwa mikono miwili.

"Ungeniambia tu, fundi," alisema. "Ningekuja."

Akaifunga ile redio kwa leso, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Jumatano yake ilipofika, Kamande alikipangusa kigoda mapema. Kibanda kilikuwa kimya, akasikia hata mafuta ya muuza viazi wa jirani yakichemka. Redio ile aliijua mwenyewe, haikuwa ya kuharibika leo wala kesho. Jioni akakirudisha kigoda chini ya meza.