Mikono ya Mjomba Iko Kwenye Usukani

Katika ukoo wetu kuna mtu mmoja tu asiyebabaishwa na askari wa barabarani, na mtu huyo ni mimi. Wengine, akina mjomba, tuwaache walivyo.

Mjomba ni kinyozi. Namna ya kukaa ukisimamishwa anaijua kama anavyojua kisogo cha kila mteja: zima gari, shusha kioo, weka mikono juu ya usukani ionekane, jibu ulichoulizwa, meza ulichofikiri. Jumanne asubuhi, afande alipomsimamisha kwenye mzunguko wa soko, mjomba aliyafanya yote hayo kabla gari halijatulia vizuri.

"Za kazi, afande?"

"Mikono isitoke hapo mpaka niseme," alijibu afande, kisha akasogea pembeni kuongea na simu. Akaongea, akacheka, akageuka. "Wewe! Toa gari, unaziba njia."

Kuhusu mikono hakusema kitu.

Mjomba aliendesha mpaka saluni, akazima gari, akashuka. Mikono ikabaki kwenye usukani. Damu haikutoka wala nini. Iliachana na vifundo vyake kama kofia inavyoachana na kichwa.

"Imeambiwa isubiri," alimweleza mkewe, aliyekuwa amemletea chai.

Mkewe akamnywesha. "Kumbe inajua kutii," akasema. "Mimi naiambia kila siku irudishe kikombe jikoni, haisikii."

Kuendesha hakukuwa na taabu. Ukiingiza vifundo, inashika vilevile. Taabu ilikuwa kunyoa. Na Jumamosi mwanawe alikuwa anaoa. Tangu mtoto yule akiwa wa kubebwa, mjomba alikuwa ameapa kwamba siku ya harusi kichwa chake hakitaguswa na mkono wa mtu mwingine.

Akaenda kituoni. Askari wa kaunta alimsikiliza bila haraka, akamweleza kwamba amri huondolewa na aliyeitoa.

"Na aliyeitoa yuko wapi?"

"Barabarani."

Barabarani wakamwambia yuko kituoni.

Alhamisi afande akaja saluni mwenyewe, ndevu zimemshinda. Akakalia kiti, akainua kidevu.

"Nyoa."

"Mikono iko kwenye gari, afande."

"Inafanya nini huko?"

"Ulisema isitoke mpaka useme."

Afande akatoka kwenda kuchungulia. Iliposikia viatu vyake, mikono ilijikaza kwenye usukani, kucha zikapauka.

"Hii ndiyo mikono," afande akasema, ameridhika. "Wananchi wote wangekuwa hivi, kazi yetu ingekuwa raha. Haya, tokeni mkaninyoe."

Ikatoka, ikamnyoa. Wembe ulipanda mashavuni, ukashuka, ukakaa kidogo kooni. Mke wa mjomba alikuwa akifagia pale pale alipokwisha kufagia. Afande hakupata hata mkwaruzo. Akajipapasa mbele ya kioo, akaigeukia mikono.

"Rudini."

"Afande," mjomba akasema, huku imeshaanza kuchomoka, "Jumamosi namwoza mwanangu. Naiomba asubuhi tu."

"Jumamosi sipo kazini," alijibu afande, akavaa kofia yake.

Basi binamu yangu alioa na nywele zake zote. Kwenye picha amependeza, ukimtazama kuanzia kwenye nyusi kushuka chini. Kwenye sherehe mjomba alipiga makofi kwa vifundo, na wageni wakamwitikia. Nje, ndani ya gari, mikono ilikuwa ikigongagonga usukani kwa vidole kufuata muziki, bila kuuachia. Mpaka leo iko hapo, na afande ananyolewa kila Alhamisi.

Mjomba ndivyo alivyo. Ningekuwa mimi, ningemkazia macho afande nikamwambia, ebu sema hilo neno, watu tuna kazi. Mimi mikono yangu hii haiwezi kubaki popote kwa sababu ya mtu mwenye...

Hapa nimegoma kuandika. Ninayeandika ni mimi, dada wa huyu anayejisifu. Yeye anasema, mimi naandika, tena baada ya kumlisha. Mikono yake iko pale mzunguko wa soko tangu juzi, imeshika usukani wa baiskeli. Nilikuwa nimekaa kwenye keria, niliona yote. Afande hakutusimamisha, wala hakumwambia neno.

Alikohoa tu.