Shangazi Mvuke

Jovina alikuwa mbishi, na ukimwambia hivyo anakushukuru. Binamu yake Fortunata alipomwachia tableti yenye ufa kona hadi kona, alimwambia haifai kitu. Jovina akaanza kuitumia kuchora. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa jembe na baridi ya Sumbawanga, kioo hakivitambui, basi akafunga sponji mbichi na karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara kwenye ncha ya kalamu. Kioo kikatii.

Miaka ile simu za Kichina zilikuwa zimemwagika mjini, kila mtu ana sinema yake mfukoni, na vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu kwa kiingilio, vikafa kimoja kimoja. Cha mtaa wa Izia kilikuwa cha Zenon, baba mdogo wa Jovina. Zenon ndiye aliyekuwa akitafsiri filamu: anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anawasemea wote, wafalme kwa wezi. Katika filamu moja ya wapiga panga kulikuwa na mama mtu mzima anayemimina chai ikulu. Kwenye filamu yenyewe hana jina wala hasemi neno. Zenon hakuweza kuvumilia mtu akae kimya bure. Akamwita Shangazi Mvuke, akampa ulimi mkali na watoto watundu wa kusimulia habari zao, na watu wakawa wanajaa kumsikia yeye, yule shujaa wa panga wakamwacha apigane peke yake.

Kisha koo la Zenon likaugua. Upasuaji uliokoa uhai, sauti ikaondoka. Siku moja uani alichukua kijiti akamwandikia Jovina vumbini: Maneno yangu yote yameenda na upepo.

Jovina alilia. Alipomaliza kulia akapandwa na hasira. Ukumbi wa vijana ulikuwa umetangaza maonyesho ya picha za mashujaa wa filamu. Zitakazopita zitachapwa kubwa na kutundikwa ukutani. Akaapa Shangazi Mvuke atakuwa kwenye ukuta ule na baba mdogo atamwona kwa macho yake.

Akaitafuta filamu, akaisimamisha pale mama anapoinua birika, akanakili uso kunjo kwa kunjo. Zenon alipoonyeshwa, aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya arusi ya watu asiowajua. Jovina ilimuuma. Akaitazama upya, akaona kosa lake: mdomo ulikuwa umefungwa. Amemchora yule mama wa kwenye filamu, na Izia hakuna aliyewahi kumjua huyo.

Kuufungua mdomo ule ikawa kazi. Mara Shangazi anaonekana anapiga miayo, mara anaumwa jino. Jovina anafuta, anachora, chaji inakwisha, anakwenda kuchajisha kwa jirani, anarudi. Mwisho akakumbuka jinsi Zenon alivyokuwa akivuta mdomo upande mmoja kabla ya kumtukana mfalme. Akampa Shangazi mdomo wa Zenon. Alipomwonyesha tena, Zenon alitikisika mabega kwa kicheko kisicho na sauti, akaingia ndani kuvaa koti.

Walifika ukumbini pamoja. Zenon akakaa kwenye benchi la nje, skafu shingoni. Mwalimu Urbano, msimamizi wa maonyesho, alikuwa kijana mwenye haraka, na alichosema kilikuwa na haki yake.

"Dada, huyu hayupo," alisema. "Filamu hii naijua. Huyu anamimina chai tu, hana hata jina. Nichoree yule wa panga, nakupitisha sasa hivi."

Ilikuwa njia rahisi, na mkono wa Jovina ulikuwa umechoka. "Hapana, mwalimu. Yupo. Tutoke nje kidogo tu, na mimi sitasema neno."

Urbano alitazama saa, akatoka. Jovina akainua tableti mbele ya Albina, muuza maharage wa ng'ambo ya barabara.

Albina akakunja macho, kisha akaruka na kopo lake la kupimia mkononi. "He! Shangazi Mvuke! Jamani, njooni mwone! Siku zote hizi alikuwa wapi huyu?"

Wakaja. Fundi baiskeli akaja, abiria wa bodaboda wakashuka. Mmoja akaanza yale maneno ambayo Shangazi alimwambia mfalme aliyemtishia upanga, wengine wakadakia kwa sauti kubwa:

"Mfalme! Chai hii ina moto kuliko hasira yako! Basi ndipo unitishe!"

Wakacheka, ila kicheko kikasita. Kuna kitu hakikukaa sawa katika maneno yale, na kila mmoja alikisikia. Urbano akageuka kumwangalia Jovina. Jovina alikuwa akimwangalia Zenon.

Zenon alisimama kwenye benchi. Akainua mkono, wote wakanyamaza kama zamani taa za kibandani zilipozimwa. Akashika kikombe kisichokuwepo, akakisogeza mdomoni, akavuta mdomo upande mmoja. Akapuliza.

"Ipulize kwanza!" barabara nzima ikalipuka. "Ipulize kwanza, ndipo unitishe!"

Zenon akaonyesha kwa kidole: tena, toka mwanzo. Wakaanza tena toka mwanzo, na safari hii Mwalimu Urbano alikuwa miongoni mwao.