Mwanga Umekaa Vizuri

Plasta ilipokuwa ikiganda ndani ya kalibu, Mama Pacha hakuwa na la kufanya ila kungoja, na muda huo wa kungoja aliujaza kwa simu. Vumbi jeupe likiwa bado kwenye kucha zake, kidole gumba kilishuka chini ya picha moja, kikabandika sentensi, kikahamia picha nyingine, kikabandika tena. Daraja la mawe: mwanga umekaa vizuri, hongera, endelea hivyo hivyo. Paka juu ya ukuta: mwanga umekaa vizuri, hongera, endelea hivyo hivyo. Mtoto anayelia mlangoni: vivyo hivyo. Sentensi yenyewe alikuwa ameihifadhi kwenye simu ili asihangaike kuiandika upya kila mara, na aliigonga kama karani anavyogonga muhuri, jicho likiwa kwenye kalibu. Plasta ilipokuwa tayari aliifuta simu kwa upindo wa koti, akairudisha mfukoni, akarudi kwenye meno ya watu.

Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Chumba chake kilikuwa nyuma ya kliniki, mwisho wa korido, na wagonjwa wengi hawakujua kwamba kipo. Kwa miaka mingi vinywa vilimfikia bila nyuso: daktari alileta alama za ufizi, yeye akachonga, akasugua, akang'arisha, akarudisha. Huenda ndiyo sababu, watoto wake pacha walipoondoka kwenda chuoni na nyumba ikapoa, alinunua kamera na kuanza kutafuta nyuso mitaani. Mumewe, ambaye ni fundi wa mafriji na mtu wa mzaha, alisema afadhali kamera kuliko mbwa, maana kamera haili.

Kamera ndiyo iliyompeleka kwenye Ukumbi. Hivyo ndivyo wenyewe walivyouita mtandao wao wa picha, kana kwamba ni chumba chenye viti na kahawa. Siku zile ulikuwa umechangamka. Mtu akiweka picha asubuhi, kufika mchana ameshapata maneno ya watu ambao hajawahi kuwaona, na yeye naye atazunguka kwao, atazame, aseme neno. Hakuna aliyelazimishwa. Ilikuwa kama majirani wanaosalimiana juu ya ua.

Katika wote hao, aliyemtia moyo zaidi alikuwa mtu aliyejiita Kivuli. Kivuli hakupiga picha za watu wala za majengo; alipiga vivuli tu, vya baiskeli, vya nguo kwenye kamba, vya mikono mezani. Na alipotazama picha ya mwenzake, alitazama kweli. Mama Pacha aliwahi kuweka picha ya wachuuzi wakifunga meza zao jioni, na Kivuli akamwandikia kwamba amekaa na picha hiyo tangu asubuhi, kwamba yule mwanamke wa pembeni ameinua kisigino, na hajaweza kuamua kama anaondoka au ndiyo kwanza anafika. Mama Pacha mwenyewe hakuwa amekiona hicho kisigino. Alimsomea mumewe maneno yale sebuleni, akayasoma tena akiwa jikoni, na wiki nzima alitembea kama mtu aliyevaa kiatu kipya.

Kisha Ukumbi ukaanza kupwaya. Wengi walihamia kwenye video fupi fupi zinazocheka na kucheza zenyewe. Waliobaki walipita wakiacha alama ya moyo bila neno, halafu hata moyo wakaona ni mzigo. Mama Pacha aliweka picha ikakaa siku nzima kama bidhaa iliyododa. Ndipo alipoanza kufanya hesabu ambayo zamani hakuijua: nani nimemwandikia, nani amenirudishia. Aligundua kwamba anayewapitia watu wengi hurudishiwa na wachache, na kwamba kuwapitia wengi kunahitaji kasi. Hivyo ndivyo sentensi ile ilivyozaliwa. Mwanzoni aliona aibu kidogo kuibandika. Aibu hiyo haikudumu.

Mwaka huo ulipofika katikati, alipiga picha aliyoiona kuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga: mumewe amepiga magoti mbele ya friji iliyofunguliwa, gizani, taa ndogo ya ndani ikimwangazia uso kama mtu anayesali. Aliiweka Ukumbini akiwa na uhakika kwamba safari hii watu wataamka. Hawakuamka. Mioyo michache, bila neno hata moja. Na Kivuli, ambaye picha kama hiyo angeikalia kuanzia asubuhi hadi jioni, alikuwa kimya, kama alivyokuwa kimya kwa miezi kadhaa.

Jumamosi mchana, baada ya kuosha vyombo kwa kishindo, Mama Pacha aliketi mezani akaandika yaliyokuwa yamemkaa rohoni. Aliandika kwamba Ukumbi umegeuka dirisha la duka, watu wanachungulia na kupita. Kwamba yeye, pamoja na kazi zake, hajawahi kumnyima mtu neno. Na kwa kuwa hasira ikishika kalamu haijui pa kuiweka, akaongeza: "Wapo ambao tuliwapa maneno yetu kila wiki bila kukosa. Kivuli ni mmoja wao. Leo hata nukta hawezi kututupia. Ukarimu wa upande mmoja unachosha."

Andiko hilo ndilo lililowaamsha. Watu ambao hawakuwa wamesikika tangu mwaka jana walijitokeza kumpongeza kwa kusema ukweli. Mmoja alisema hata yeye Kivuli alimtupa. Mwingine alisema wasanii wa aina hiyo hujiona. Mama Pacha alisoma kila neno, akajibu kila mtu kwa jina lake, na usiku huo alilala usingizi mzuri.

Jibu lililobadilisha mambo alilikuta Jumatatu, akiwa kazini, kwenye meza yenye safu ya meno yaliyokuwa yakisubiri kung'arishwa. Lilitoka kwenye akaunti ya Kivuli.

"Shikamoo mama. Mimi ni binti yake. Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka. Nilitangaza hapa hapa, na wewe ulikuwa wa kwanza kufika. Samahani kwamba hakuweza kukurudishia."

Alisoma mara mbili. Kisha akafungua ukurasa wa Kivuli, ukurasa ambao alikuwa ameutembelea kila wiki bila kukosa, akautazama kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza. Picha ya mwisho ilikuwa ya kitanda kilichotandikwa, shuka limevutwa likanyooka, na kivuli cha dirisha kimelala juu yake. Chini binti alikuwa ameandika kwamba baba yao ameondoka alfajiri, kwamba aliupenda sana Ukumbi huu, na kwamba picha hiyo ameipiga yeye kwa kamera ya marehemu kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuwaaga. Na chini ya maneno hayo, kabla ya pole zote, kabla ya yeyote aliyemwombea marehemu, palikuwa na jina lake.

Mwanga umekaa vizuri. Hongera, endelea hivyo hivyo.

Alitazama mlangoni kana kwamba kuna mtu amesimama pale. Daktari alipoingia kuulizia kazi ya mgonjwa wa mchana, aliigeuza simu kifudifudi kwa haraka, kama mwanafunzi aliyekamatwa, akajibu kwamba kazi iko tayari, kumbe hata hajaigusa. Mashine ya kung'arishia ikalia alasiri nzima na yeye akashukuru kwa kelele zake. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba alipojaribu kukumbuka siku ile, siku alipobandika maneno yale, hakukumbuka chochote. Hata kama angekuwa amefanya kwa ubaya, angalau angekuwepo. Hakuwepo.

Nyumbani alimweleza mumewe. Mwanzoni mume alifikiri ni mzaha, akaanza kusema kwamba marehemu naye akiweza kuendelea hivyo hivyo basi ni hodari, lakini alimwona mkewe anavyoishika meza kwa mikono miwili, akaukatiza mzaha. Baadaye akasema kwamba makosa ya simu humpata kila mtu, afute maneno yale, mambo yaishe. Mama Pacha akasema kwamba kufuta ni rahisi, lakini yule mtoto ameshasoma. Mumewe alimkatia chungwa, akaliweka mbele yake, na wakakaa.

Alimwandikia binti akimwomba radhi. Maneno ya kwanza aliyafuta kwa sababu yalikuwa marefu na yamejaa sababu: kazi, macho, simu mbovu. Ya pili aliyafuta kwa sababu yalikuwa mazuri mno. Mwishowe aliandika kwamba hakutazama, na kwamba kama binti atakubali, angependa kusema hivyo kwa sauti yake, akaacha namba yake ya simu. Siku mbili zikapita bila jibu, na alijua sasa kwamba hana haki ya kulalamikia kimya cha mtu. Siku ya tatu simu ikaita wakati anatoka kliniki. Alisimama kando ya ukuta, watu wakimpita.

Sauti ilikuwa ya msichana mtulivu, aliyechoka kidogo. Mama Pacha alisema alichokuwa amejiandaa kusema.

"Mama, mimi sikuudhika na yale maneno ya kwanza," binti alisema. "Niliudhika na haya ya juzi. Kaka zangu walitaka nikujibu vibaya. Nikawaambia baba asingependa, kwa sababu wewe ulikuwa unamchekesha."

Mama Pacha aliuliza alikuwa anamchekesha vipi.

Binti akamsimulia. Baba yake alipoanza kuugua, mikono ilimtetemeka. Siku moja alisahau kifuniko kwenye lenzi, akapiga, na bila kukusudia akaiweka Ukumbini picha nyeusi tupu. Alikuwa akitafuta pa kuifutia wakati Mama Pacha alipotokea na kusema mwanga umekaa vizuri. Mzee alicheka mpaka ikabidi ashikwe mgongo. Akakataa katakata kuifuta picha ile. Kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa.

"Alikuambia nini juu yangu?" Mama Pacha aliuliza. Alijua kwamba hastahili kuuliza.

"Alisema, huyu mama akishika kamera anaona sana. Akiiweka chini, macho yake yanakwenda likizo."

Mama Pacha aliegemea ukuta. Mtu mmoja anayemfahamu alimsalimia, naye akaitikia bila kujua ameitikia nini. Picha nyeusi haikumuumiza sana. Kilichomchoma ni kwamba Kivuli alijua muda wote. Alijua kwamba maneno anayopewa hayana mtu ndani yake, na bado alikuwa akirudi kukaa na picha zake asubuhi nzima, akiuliza habari za visigino. Yeye alikuwa akifanya hesabu ya nani amemrudishia nani, na mtu huyo hakuwa hata anahesabu.

Jioni hiyo aliliondoa andiko lake la malalamiko, akaweka mahali pake maneno machache ya kueleza alichokifanya, bila kujipamba. Baadhi ya waliompongeza walimwambia asijitese. Wengi hawakusema kitu. Maneno yake ya chini ya picha ya kitanda hakuyafuta. Aliona kwamba kuyaondoa kungemsaidia yeye peke yake.

Aliacha pia kuzunguka. Picha zilipita naye hakusema neno, kwa sababu kila alipotaka kuandika alijisikia kama mtu anayebisha hodi akiwa na mikono michafu. Zilipita wiki kadhaa hivyo, mpaka Jumapili moja mchana, binti wa Kivuli alipomwandikia mwenyewe.

Alisema wamekuta kadi ya kamera kwenye kabati ya baba. Siku zake za mwisho, akiwa hawezi kuinuka, aliendelea kupiga picha kutoka kitandani. Kaka zake wamezitazama wakasema hazina maana, ni ukuta tu, ukuta juu ya ukuta. Yeye hana moyo wa kuzifuta na hana moyo wa kuzitazama peke yake.

"Naweza kukutumia moja moja?" aliuliza. "Uniambie unaona nini."

Mama Pacha alitaka kumjibu kwamba amekosea mtu. Aliandika hivyo, kwamba atafute mtu mwingine, mwenye macho. Jibu likaja fupi: "Wengine walishaondoka, mama."

Picha ya kwanza ilifika. Mumewe alikuwa kwenye kiti cha pili akitengeneza redio, na Mama Pacha akamwomba azime feni kidogo, kana kwamba upepo ungeipeperusha. Ilikuwa ukuta kweli. Rangi imechubuka karibu na swichi. Mwanga umeingia kutoka mahali pasipoonekana, umepinda, umefifia. Hapakuwa na kitu. Akaikuza, akaipunguza, akainyanyua simu, akaisogeza mbali na miwani. Kidole kilitaka kushuka na kumaliza kazi kama zamani.

Chini kabisa, pembeni, alianza kuona mkunjo. Ungeweza kuwa doa. Ungeweza kuwa bega. Aliutazama mpaka macho yakamuuma, na polepole bega likapata shingo, shingo ikapata kichwa kilichoinama, na mbele ya kichwa pakatokea mkono ulioshika kitu kama kikombe. Kivuli cha mtu anayemwinamia mgonjwa. Nywele zake zilikuwa zimefungwa juu, na kishungi kimoja kilikuwa kimemponyoka.

Simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Umeona kitu, mama? Au ni ukuta tu?"

Hakumjua binti huyo kwa sura. Hakujua kama hufunga nywele zake hivyo. Aliweka kidole juu ya herufi, akakiondoa, akairudia picha kuanzia kwenye swichi, taratibu, kushuka chini.

"Bado natazama," aliandika.