Sauti ya Kumtoa Nyoka Pangoni

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa birika ulianza kugongagonga jikoni. Dobi wa hospitali alipunguza moto mama yake asiamke, akaimba taratibu huku akisubiri chai. Nyoka wa chini ya sinki akatoa kichwa tunduni.

"Leo nachelewa, baba," dobi alimwambia, akamrudisha kwa ufagio, polepole asimuumize.

Tangu utotoni watu walisema ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na nyoka walikuwa wakitoka. Majirani walizoea. Waliziba matundu kwa matambara, wakaacha madirisha wazi.

Mdogo wake alipewa uso. Mume wa mdogo wake, ambaye alipewa maneno, ndiye aliyeunganisha sauti na uso: mdogo asimame jukwaani achezeshe mdomo, dobi aimbe nyuma ya pazia. Mji mzima ukamwita mdogo Malkia. Dobi alipomuuliza mama yao kama hiyo ni haki, mama hakuinua macho kwenye nguo alizokuwa akikunja.

"Mungu hampi mtu mmoja vyote," alisema. "Ukimsaidia mwenzio unapungukiwa nini?"

Mchana dobi alifua mashuka. Alipoyapeleka wodini, alimwimbia bibi wa kitanda cha dirishani, ambaye wanawe hawakurudi kumtazama tangu walipomleta. Akiimbiwa, bibi alikunywa uji. Asipoimbiwa, aligeukia ukutani.

Shemeji akapata habari.

"Hiyo sauti ni ya Malkia," alisema. "Watu wakiisikia bure huko kwenye makohozi, nani atalipa kiingilio? Chagua, shemeji: pazia au wagonjwa wako."

"Nitakujibu baada ya onyesho," dobi alisema.

Ukumbi ulijaa. Fundi wa taa, peke yake, alikumbuka kumwekea dobi kiti na glasi ya maji nyuma ya pazia. Wanawe bibi wa dirishani walikaa mstari wa mbele, wamevaa fulana zenye picha ya Malkia.

Kwenye wimbo wa pili nyoka walitoka chini ya sakafu, wakubwa kwa wadogo. Walipita juu ya viatu vya Malkia bila kumtazama, wakalisukuma pazia kwa vichwa, wakajikunja miguuni pa dobi. Pazia likabaki wazi. Kila mtu aliona wimbo unatoka kinywani mwa nani.

Kisha mtu akapaza sauti: "Malkia haogopi nyoka!" Wakashangilia mpaka wakapanda juu ya viti.

Shemeji akafunga pazia, walinzi wakawapiga nyoka kwa marungu. Nyoka hawakukimbia. Dobi alikuwa amenyamaza, na wao walikuwa bado wanasubiri ubeti unaofuata.

Baadaye dobi alifua damu kwenye gauni la Malkia, kwa maji baridi, maana ya moto huigandisha. Malkia alimshikia ndoo.

"Dada, hata mmoja hakunitazama," alisema.

"Shika vizuri, mdogo wangu, usilowe."

Shemeji alipoingia, dobi alikamua gauni, akalitundika. "Nimechagua wagonjwa," alisema.

Shemeji akacheka. "Nenda salama. Nyimbo zote tumeshazirekodi. Na ukiimba huko, watasema unamwiga."

Asubuhi redio ya wodini ilikuwa ikiimba kwa sauti ya dobi. Bibi amegeukia ukutani, uji umepoa. Dobi akaweka mashuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaimba wimbo uleule. Muuguzi, mtu mwema, alizima redio ili bibi asikie vizuri, akaenda kuupasha uji.

"Unamwiga Malkia vizuri," alimwambia dobi aliporudi. "Ila bado hujamfikia."

"Asante," dobi alisema, akaendelea na ubeti uliokatizwa jana ukumbini. Moyo wake ulikuwa umetulia kama maji mtungini.

Nyoka mmoja, mkia umepondwa, akajivuta hadi chini ya kitanda, akajikunja.

Bibi alimaliza uji, akakwangua bakuli, akaushika mkono wa dobi.

"Kesho uje tena, mwanangu," alisema. "Na huyo wa chini mwambie naye aje. Sina mgeni mwingine."