Sufuria Yenye Matundu Saba

Walipofika kwenye mnara wa tatu wa kumbukumbu ya vita, Mzee alikuwa ameshaua maadui arobaini na saba, na safari yenyewe bado mbichi. Binti yake, mwalimu wa historia, kila kituo alikuwa akisimamisha gari, anatoa daftari, anaandika kila kitu neno kwa neno.

"Hapa ndipo waliponibandika jina la Radi," Mzee alisema kwenye uwanja uliokuwa na nyasi, mbuzi wawili na kibao kilichopauka. "Nikitokea tu, watu wanatimua mbio."

"Baba, kibao kinasema hapa walipigana mwezi wa tatu. Si uliingia jeshini mwezi wa saba?"

"Hicho kibao kilikuwepo? Mimi nilikuwepo!"

Mwalimu alicheka, akaandika. Na hapo ndipo penye balaa. Jumatatu Mzee alitakiwa kusimama mbele ya shule nzima anakofundisha binti, na tangazo lilishabandikwa getini: shujaa wetu anakuja. Ukweli wenyewe ni kwamba shujaa wetu hakuwahi kulenga hata kunguru. Alikuwa mpishi. Uongo ulianza siku binti alipokuwa na miaka sita na kuuliza baba alifanya nini vitani. Macho yale yalivyokuwa yakimtazama, nani angetaja mwiko? Sasa aliogopa kitu kimoja tu duniani, macho yale yasije yakageuka.

Ndiyo maana gari lilipokata kona kuelekea kilimani, alikopikia kweli wakati wa vita, Mzee alianza visa. Mara mgongo. Mara tairi halina upepo. Mara haja ndogo, mara tatu.

"Tumebakiza hapa tu, Baba. Jikaze."

Makumbusho ya kilimani yalikuwa chumba kimoja chenye feni mbovu na mlinzi aliyekuwa akipiga miayo. Katikati, ndani ya sanduku la kioo, ilikaa sufuria kubwa nyeusi yenye matundu saba. Mwalimu aliinama asome karatasi iliyobandikwa chini yake.

"Walifia hapa watu kumi na wawili, wakati wa chakula cha mchana," alisoma kwa sauti. Akashuka kwenye majina, akafika la mwisho, akalisoma mara mbili. Lilikuwa jina la baba yake, lote, mpaka la babu. Mbele yake wameandika: mpishi, wenzake walimwita Ukoko.

"Baba. Wewe ni marehemu?"

"Kidogo," Mzee alisema.

Mlinzi aliacha kupiga miayo.

"Na Radi je?"

"Hakuna cha Radi, mwanangu. Ni Ukoko. Kila nikipika wali unashika chini, wananitukana wiki nzima." Alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. "Siku ile niligonga sufuria kwa mwiko, kama kawaida, kuwaita. Wakaja mbio na sahani zao, wote kumi na mmoja, wakasimama pamoja. Mimi nikashuka mtoni kuongeza maji. Kombora lilipoanguka nilikuwa na ndoo mkononi. Nililala ndani ya maji mpaka kesho yake, halafu nikaondoka kwa miguu, sikugeuka nyuma. Mimi ndiye niliyewaita. Wangekuwa wametawanyika kwenye mahandaki yao."

Alisubiri macho yageuke. Mwalimu hakumtazama kabisa. Alikuwa akitazama sufuria.

"Mzee wangu," mlinzi aliingilia, akijikuna kichwa, "kama uko hai, hapa pana makosa. Inabidi niwaandikie wakubwa walifute jina lako."

"Thubutu!" Mzee aling'aka mpaka kioo kikatetemeka. "Liache hapo hapo. Ukilitoa nani atawapakulia?"

Mwalimu alifungua daftari, akachana kurasa zote za maadui arobaini na saba, akazikunja na kuzitia kwenye mkoba. Kisha akakaa chini sakafuni, mbele ya kioo, akavuta mkono wa baba yake mpaka naye akakaa, magoti yakilia. Akashika kalamu.

"Haya, Ukoko," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Tuanze upya. Siku hiyo ulipika nini?"

"Wali," Mzee alijibu. Alinyoosha kidole akagusa kioo, usawa wa tundu la kwanza. "Na siku hiyo, mwanangu, haukushika chini hata kidogo."