Mandolini ya Hobart Isilale

"Hivi Dada Verna, hiyo mandolini unaitunza, au umeizika pamoja na mwenyewe?"

Aliyeuliza ni Lurleen, jirani wa ng'ambo ya kijito, wiki chache baada ya mandolini ya marehemu Hobart, kile kigitaa kidogo cha nyuzi za jozi, kurudi kutoka kwa fundi. Verna alimjibu kwamba mali ya mume iko salama kwa mjane wake. Jibu zuri, lenye harufu ya kanisani. Ila mjane mwenyewe alijua mpigo mmoja tu, ule wa kukata wa kushikia mdundo, kama mtu anayepasua kuni.

Fundi alikuwa ameziba ufa wa kifua cha mandolini kilichobinuka kama mgongo wa kobe, akaweka na vyuma vipya vya kubania nyuzi shingoni. Akamwonya: "Mbao ya kale hii, mama. Isipopigwa inalala, na ikilala sana haiamki." Verna naye alitaka jambo moja tu kabla hajafa: aisikie tena sauti ile ya jikoni, kavu halafu tamu, Hobart akingoja maharage yaive.

Lakini alikuwa ameapa kwamba Coy Ratliff, mpigaji mwingine wa pale kijijini, asiiguse. Hobart alikuwa akisema Coy anapiga kama anayefukuza nyigu, na maneno ya Hobart Verna aliyashika kuliko Zaburi.

Basi Jumamosi akamwomba Mungu unyenyekevu, akaibeba mandolini, akaenda kwenye duka la zamani wanakokutana wapigaji, akachagua kiti cha mbele. Sheria ya duara lile ni moja: ukiinamishiwa kichwa, zamu ya kuongoza wimbo ni yako, usipoitaka, mwinamishie mwingine. Verna, kwa mazoea ya ibada, huinamishia kichwa kila kilicho chema. Zamu ikamjia, akainamisha kwa furaha, na aliyemkabili alikuwa Coy. Coy akapiga. Wimbo uliofuata, vilevile. Verna akawasifu moyoni watu hawa wasiomsumbua mjane, akaendelea kupasua kuni.

Lurleen, aliyeketi nyuma yake, akamnong'oneza: "Dada, zamu zako zote unampa Coy. Watu wanaulizana keki ya harusi ataoka nani."

Masikio yakamwaka. Alikuwa ameolewa na mpigaji tangu ujana hadi uzee, na sheria hiyo hakuijua, maana Hobart akipiga, yeye alikuwa nyuma akichunga nani amerudia pai.

Coy akavua kofia. "Mama Verna, hiyo inasinzia. Hobart angenichuna ngozi, lakini naomba niiamshe kidogo."

Verna akatafuta kichwani aya ya kumnyima. Hakuipata. Akampa.

Coy hakufukuza nyigu yeyote. Alipiga polepole, nyuzi zikitetemeka mbilimbili. Ikatangulia sauti kavu, kisha ule utamu unaochelewa, na Verna akasikia harufu ya maharage.

Wimbo ulipokwisha, Coy akamnyooshea Verna mandolini ya Hobart. Verna akamtazama, akainamisha kichwa, safari hii akijua maana yake. Akachukua mkoba na sahani yake ya pai, akatoka, mandolini ikabaki mikononi mwa Coy.