Sakafu Isiyomeza Mtu

Muuguzi alipofungua madirisha ya zahanati, wagonjwa wa kikohozi walikuwa wamekaa karibu na mlango, wenye watoto karibu na mizani, na wenye sonona katikati, wakizama. Saruji iliwameza polepole, bila kelele. Wageni walikuwa wamefika vifundoni, wa zamani magotini. Mfagizi alipitisha tambara akiwazunguka na kuwaomba radhi. Jioni ndugu zao wangekuja kuwavuta, kama kawaida, wawarudishe nyumbani.

Dada yake muuguzi alikuwa amezama hadi kiunoni. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na zamani aliweza kuchekesha watu hata msibani.

"Dada, umeshuka tena."

"Na wewe umenenepa. Kila mtu na safari yake."

Muuguzi akachuchumaa. Alikwisha kugundua kwamba mtu wa katikati akipata wa kumsikiliza, bila kutazamiwa saa, sakafu humlegeza. Jana walizungumza mpaka chai ikapoa, na mapaja ya dada yakaonekana. Lakini ofisi iliyonunua huduma za zahanati haikununua mazungumzo. Ilinunua vidonge, na foleni iishe mapema. Akampa vidonge vyake, akainuka, roho ikimuuma.

Alikuwa ameiomba ofisi mshauri, mtu mmoja tu wa kukaa na wale wa katikati. Siku hiyo ofisa wa ununuzi akaja mwenyewe. Alikuwa mpole, akasalimia kila mtu, hata waliozama, kisha akagongagonga sakafu kwa kisigino.

"Tatizo nimeliona," akasema. "Saruji mbovu hii."

Muuguzi akamgeukia. "Bosi, sakafu haina kosa. Hawa ni wagonjwa."

"Wagonjwa wako kila mahali, mbona wanazama hapa tu? Usipoziba ufa utajenga ukuta, mama."

Likamwagwa zege lenye nondo. Lilipokauka, halikumeza hata ukucha. Ofisi ikatuma pongezi na keki, ikatangaza kwamba sonona imekwisha pale. Dada alikaa juu ya benchi, miguu ikining'inia, akaambiwa amepona, asirudi tena.

Jioni moja muuguzi alirudi nyumbani, alikoishi na dada, akakuta sufuria inaungua jikoni. Akazima jiko, akaingia sebuleni. Dada alikuwa amezama hadi kidevuni, pembeni mwa kochi, mahali ambapo hangemkwaza mtu.

"Dada! Mbona hukuniita?"

"Si nilishapona? Niliona haya."

Muuguzi akalala kifudifudi, shavu lake karibu na la dada, machozi yakimtoka, akasikiliza. Dada alisimulia mambo ambayo hajawahi kuulizwa na mtu. Kulipokucha shingo ilikuwa imetoka, na ncha ya bega moja.

Kisha saa ya kazi ikafika. Muuguzi akamwekea bilauri ya maji yenye mrija karibu na mdomo, akafunga mlango taratibu, akaenda kusimama juu ya ile sakafu ngumu.